Injini ya Swaleh Haiyeyushwi

Mdogo wangu Swaleh, wa tumbo moja nami,

Wiki iliyopita niliikalia injini yako, nikakataa kushuka. Naanza na hilo kwa sababu najua ungetaka kulisikia kabla ya salamu za ndugu na majirani. Lori la vyuma chakavu lilikuja Mbale asubuhi, likarudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa mashine yako ya kusaga, na wanaume watatu wakateremka na minyororo. Walipoanza kupitisha mnyororo chini ya gurudumu zito la injini, nilipanda juu ya msingi wa saruji, nikaketi na kanzu yangu, nikalikumbatia gurudumu kwa mkono mmoja.

“Mzee, toka hapo,” dereva akaniambia. “Hiyo kitu iko yetu sasa.”

“Yenu tangu lini?”

“Tangu jana. Uliza huyu.”

Huyu alikuwa Kassim, kaka wa mkeo, ndiye aliyewauzia. Alisimama mlangoni ameshika funguo za gari lake, anatazama barabarani kama vile hatujuani.

“Shemeji,” akasema, “usituaibishe mbele ya watu. Chuma ni chuma.”

“Basi wape lile geti la nyumba yako. Nalo ni chuma.”

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mama mmoja muuza ndizi akapaza sauti: “Mwacheni mzee wa watu! Pengine anaatamia!” Wakacheka wote, hata vijana wa minyororo. Nami nikacheka, lakini sikushuka. Nina miaka sabini na kitu, Swaleh, na magoti yangu hayapendi saruji. Hata hivyo nilikuwa tayari kukaa pale mpaka adhuhuri, na nikiitwa kuswali ningeswalia palepale.

Barua hii nimeiacha wazi. Aliyesema neno juu ya injini hii, au juu yako, na aisome. Tangu tulipokuzika, mji umekuwa na hadithi moja tu juu yako: kwamba Swaleh, fundi aliyeweza kutambua ugonjwa wa injini akiwa ng’ambo ya barabara, aliichukua injini nzima, akaiharibu kwa mikono yake. Waliibatiza “injini ya maprofesa”. Kama ingepakiwa kwenye lori lile, ingeletwa huku kwetu Jinja, ikatupwa katika tanuru, ikatoka nondo. Hadithi ile ndiyo ingebaki, na kusingekuwa na kitu cha kuikanusha. Kwa hiyo nikakaa.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Unanijua, siwezi kusimulia kitu bila kukieleza.

Unaikumbuka baiskeli ya baba? Tulikuwa tunatoka Buwenge na gunia la mihogo, tunarudi nyumbani Bugembe, wewe ukiendesha na mimi nikisukuma kwa nyuma. Penye mwinuko baiskeli ilisimama, pedali moja imesimama juu kabisa. Ulipanda juu ya pedali ile kwa uzito wako wote, ukaikanyaga mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Baiskeli haikwenda hata kidogo. Ukashuka umekasirika, ukasema, “Kaka, nimekanyaga na Mungu ameona!” Nikairudisha baiskeli nyuma kidogo, pedali ikainama mbele, ukakanyaga tena. Ikaondoka.

Baba alipotusikia tukibishana juu ya jambo hilo alicheka. Alikuwa fundi wa magari ya jeshi, na Kiswahili chake cha kambini kiliwafanya majirani wengine wafunge madirisha, maana kwetu ilikuwa lugha ya askari, lakini nyumbani hakuwa mtu wa kelele. Alituambia, “Hata injini ina ugonjwa huo huo. Moto unakanyaga kwa nguvu zote wakati pedali imesimama wima.” Halafu akarudi kwenye chai yake. Hakujua kwamba ametupa kazi ya miaka hamsini.

Kwa wasiojua, nieleze. Ndani ya injini, mafuta yakiwaka, mgandamizo wa moto huisukuma pistoni chini ya silinda. Pistoni hukwenda chini na juu tu. Kinachogeuza mwendo huo wa chini na juu uwe mzunguko ni krenki, kama pedali inavyougeuza mguu wako kuwa mwendo wa gurudumu. Kati ya pistoni na krenki kuna fimbo ya chuma, ndiyo mafundi wanayoiita konrodi. Balaa ni kwamba mgandamizo huwa mkali kuliko wakati wote pistoni ikiwa juu, na hapo krenki nayo imesimama wima. Moto unasukuma, krenki haina pa kuzungukia. Krenki inapofika ubavuni, pale penye nguvu za kuzungusha, moto umeshaanza kuchoka.

Mimi nilikwenda kusoma, nikawa mwalimu wa chuo cha ufundi hapa Jinja. Wewe ulikwenda Mbale, ukafungua karakana, kisha mashine ya kusaga. Miaka yote hiyo tuliandikiana juu ya pedali ile. Niliposoma kwamba kuna dawa yake, nilikupigia simu siku hiyo hiyo. Dawa si yetu, na sitaki mtu aseme tumejidai kuwa tumeivumbua. Ni ya zamani, imo vitabuni: silinda usiiweke juu ya katikati ya krenki kabisa. Isogeze kidogo kwa pembeni, upande ule ambako krenki inateremkia. Hivyo, moto unapokuwa mkali, konrodi inasimama wima na krenki imeshainama tayari. Kilichokuwa chetu ni kuthubutu kulifanya jambo hilo kwenye injini kuukuu ya kusagia mahindi, kwa bamba la chuma lililokatwa kwa mkono, likawekwa kati ya silinda na kasha la krenki.

Hapa ndipo pananiuma.

Ulikuja Jinja kuchukua mchoro. Ulinikuta darasani, ukakaa nyuma kwenye benchi na mafuta yako ya injini kwenye mikono, ukasikiliza. Niliwaambia wanafunzi kwamba nguvu zote za moto pale juu zinapotea bure. Ukanyoosha mkono. Ukauliza, “Mwalimu, pistoni ikiwa haijasogea, hiyo nguvu imekwenda wapi? Kitu kisichosogea kimetumia nini?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika chumba kile. Jibu lake la kweli ni kwamba mgandamizo wenyewe haupotei kwa kungoja. Kinachopotea ni kingine: moto unapoa ukutani mwa silinda, na baadaye konrodi iliyolala inaibana pistoni ubavuni, inasugua, inakula nguvu. Kusogeza silinda kunapunguza msuguo huo. Faida ni ndogo kuliko nilivyokuwa nikihubiri, na imejificha mahali pengine.

Lakini sikulijua jibu hilo siku ile, na wanafunzi walikuwa wananitazama. Nikakuambia, “Wewe kata chuma, fundi. Kufikiri niachie mimi.”

Darasa likacheka. Na wewe ukacheka. Ukasema, “Sawa, Kaka,” ukaukunja mchoro, ukaondoka na teksi ya Mbale.

Ulikata bamba. Ulirefusha konrodi, ukarekebisha kila kilichotakiwa kurekebishwa, na hapakuwa na fundi mwingine mashariki yote ambaye angeifanya kazi ile kwa vifaa ulivyokuwa navyo. Injini ikawaka, na ikawa mbaya kuliko mwanzo. Ikapata joto, ikatoa moshi mweusi, ikanywa mafuta kama ng’ombe aliyetoka machungani, na ndani ya wiki chache pistoni ilikuwa imejichubua upande mmoja. Kina mama wakabeba mahindi yao kwenye mashine ya umeme barabara ya pili. Nilikuambia kwenye simu kwamba pengine vipimo vyako havikuwa sahihi. Hukubisha. Hiyo pekee ingetosha kuniamsha, maana tangu utotoni hujawahi kukubali kosa lisilo lako.

Kisha ukaugua, na ugonjwa ule haukuwa na uhusiano wowote na injini, ingawa Kassim alisema makaburini kwamba chuma hicho ndicho kilichokumaliza. Nilinyamaza siku hiyo. Sinyamazi tena.

Mwezi uliopita nilikuja Mbale kuchukua kalipa zangu za kupimia unene wa chuma, ulizokuwa umeziazima kwangu. Binti yako Zaituni alinifungulia. Yeye ndiye anayeshika mashine sasa, anasaga kwa injini ndogo ya kuazima, huku ile kubwa imekaa kimya kwenye msingi wake. Mchoro wangu bado ulikuwa ukutani, umenata kwa mafuta. Nikasimama mbele yake, na nilikuwa nimesimama mahali ulipokuwa ukisimama siku zote, upande wa mkanda unaozungusha kinu. Nikautazama mchoro, nikaitazama injini, nikautazama mchoro tena.

Swaleh, chuoni kwetu injini tunaitazama kutoka upande wa hendeli ya kuwashia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, hivyo ndivyo nilivyofundisha maisha yangu yote, na hivyo ndivyo nilivyochora, bila kuandika popote nimesimama wapi. Kwako, upande wa hendeli umeelekea ukutani. Hakuna anayesimama huko isipokuwa wakati wa kuwasha. Kila mtu husimama upande wa mkanda, kwa sababu ndiko mlango uliko na ndiko mahindi yanakotoka. Mshale wangu ulionyesha upande wa kulia. Ulisogeza silinda kulia, kama nilivyoagiza. Lakini kulia kwangu ni kushoto kwako. Silinda iliingia upande ambako krenki inapanda, na konrodi ikalala zaidi badala ya kusimama. Hukukosea hata unene wa unywele. Uliikosesha injini kwa usahihi kamili, kwa sababu ulikata kama mchoro wangu ulivyosema.

Zaituni aliniona nimekauka. Akasema, “Baba mkubwa, geuza hiyo karatasi.”

Nyuma yake, kwa penseli, kwa mwandiko wako: *Kaka anatazama kutoka wapi?*

“Alijua?” nikauliza.

“Alikuwa na wasiwasi tangu kabla ya kukata. Nilimwambia, baba, piga simu, dakika moja tu. Akasema, ‘Mkubwa harudishiwi karatasi.’”

“Ni adabu,” nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Pengine nilitaka iwe adabu.

“Siyo adabu peke yake,” mwanao akasema, na hakunionea haya. “Alisema ulimwambia kufikiri akuachie wewe. Basi akakuachia.”

Nimefundisha vijana wengi na nimezika ndugu wengi, lakini sijawahi kupigwa namna ile. Tulilelewa kwamba mdogo hamrudishii mkubwa neno lake. Ni malezi mazuri katika sinia la chakula. Karakana haiyajui. Chuma hakijui nani alizaliwa kwanza. Swali lako dogo la penseli lilikuwa na thamani kuliko mchoro wote ulio mbele yake, na mimi ndiye niliyelizuia lisinifikie.

Kwa hiyo Kassim alipoleta lori, nilikuwa nimeshajua ninachokalia.

“Sikilizeni,” nikawaambia wote pale mlangoni, muuza ndizi, vijana wa minyororo na dereva wao. “Injini hii haikuharibiwa na Swaleh. Niliiharibu mimi. Mchoro ulikuwa wangu, kosa ni langu, na ninyi mmelitaja jina la marehemu bure.”

Dereva akanipigia saluti ya mzaha. “Afande, sisi hatukuja vita. Tumekuja kubeba chuma.”

“Nendeni mkabebe kwingine. Hiki bado kina kazi.”

“Kazi gani, shemeji?” Kassim akasema. “Siku hizi ni umeme. Dunia imekwenda.”

“Umeme ukikatika, dunia yako husimama wapi?”

Kina mama waliokuwa wamebeba mabeseni wakamjibu kabla yangu, maana juma lile lile walikuwa wamekaa siku mbili bila unga. Kassim akamgeukia Zaituni, akamtaka amwambie mzee wake ashuke. Zaituni alikuwa na ufunguo wa kufuli la mlango wa nyuma, ambako lori lilipaswa kuhamia ili kuinua mzigo. Akaudumbukiza ndani ya blauzi yake. “Mjomba,” akasema, “mimi ndiye ninayesaga hapa.”

Wakatupa siku tatu za kuiwasha, la sivyo waibebe.

Tulianza siku hiyo hiyo. Tukafungua silinda, tukatoa bamba lako. Nililishika nikaona alama za tupa yako, zimelala zote upande mmoja kama nyasi. Hatukukata kitu kipya. Tuliligeuza tu, upande wake wa juu ukawa chini, na silinda ikaenda upande wa pili. Kazi kubwa ilikuwa pistoni iliyochubuka, lakini ulikuwa na ya akiba kwenye kasha, imefungwa kwenye gazeti na kupakwa grisi. Nani huweka akiba ya pistoni kwa injini aliyokata tamaa nayo?

Nilimwekea Zaituni sharti moja: kila ninachomwambia afanye, aniulize kwanza kwa nini. Mwanzo aliona aibu. Siku ya pili alinirudishia mchoro mara tatu, na mara ya tatu alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimesahau kuandika kipimo. “Baba mkubwa, hapa umeandika kama daktari,” akaniambia. Sasa pembeni mwa mchoro, kwa herufi kubwa, imeandikwa: TAZAMA KUTOKA UPANDE WA MKANDA. Nimeamua walimu ndio watakaohama kwenda alikosimama fundi.

Siku ya tatu Kassim alikuja, na muuza ndizi pia, na nusu ya mtaa. Zaituni akazungusha hendeli. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Ungeisikia, Swaleh. Ule mgongano wa ubavuni, *ka-ka-ka*, uliokuwa ukiufunika kwa maneno kila nilipopiga simu, haukuwepo. Ilidunda mdundo mmoja wa kushiba. Tukasaga debe moja kwa injini hii na debe moja kwa ile ya kuazima, ambayo ni ya ukubwa mdogo na haina haki ya kushindwa kwa mafuta. Tulipimia mafuta kwenye chupa ya maji, Zaituni akiweka alama kwa msumari. Injini yako ilibakisha zaidi, upana wa kidole.

“Kidole kimoja tu?” Kassim akauliza. “Makelele yote haya kwa kidole kimoja?”

“Kidole kimoja,” nikamwambia. “Kwa kila debe. Kila siku. Hesabu mwenyewe nyumbani.”

Akaingia garini mwake, akaondoka. Na lori halikurudi.

Sitakudanganya kwamba tumeibadilisha dunia. Debe moja na chupa moja si ushahidi wa kupeleka mbele ya wataalamu, na mimi ningemfelisha mwanafunzi aliyeniletea kipimo kama hicho. Tutapima tena, kwa mwezi mzima, na pistoni itafunguliwa tuone ubavu wake. Vijana niliowafundisha wananiambia niache, kwamba injini za moto zimeshapitwa na wakati. Huenda. Lakini mpaka siku nguzo za umeme zitakapofika kila kijiji cha Busoga na kila mteremko wa Mlima Elgon na zisikatike, mama fulani atakuwa amebeba mahindi kichwani kuelekea kwenye injini ya namna hii, na kidole kile cha mafuta ni chake. Sioni aibu kukipigania. Na hao wanaosema watu wa Bugembe na Mbale kazi yao ni kufungua nati tu, kufikiri kunafanyika kwingine, nimekutana nao. Mmoja wao alikuwa mimi.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama nje ya msikiti wenu nikasema kwa watu kama nilivyosema mlangoni: kosa lilikuwa langu, kazi ilikuwa yako, na kazi yako haikuwa na dosari. Wengine waliinamisha macho. Mkeo alilia, kisha akaniletea chakula, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliniita kwa jina langu.

Naomba radhi, mdogo wangu. Si kwa mchoro, mchoro hukosewa. Naomba radhi kwa darasa lile lililocheka. Kama huko uliko kuna kunyoosha mkono, nyoosha. Nitajibu, au nitasema sijui.

Jana mwenye mashine ya kusaga kule Buwenge alinipigia simu. Alikuwa amesikia habari, naye anataka bamba kama lile kwa injini yake. Akaniuliza fundi aliyelikata ni nani. Nikamwambia, Swaleh wa Mbale. Akaniomba namba yako. Nikamwambia kwako amechelewa, lakini fundi Zaituni binti Swaleh atakuja Jumatatu kupima, na akifika asimpe amri. Amsubiri aulize.

Pumzika kwa amani ya Mola. Sisi tunasaga.

Kaka yako, mwenye kosa,
Jinja